Ukimya wa Mji Mdogo: Mvuto na Upungufu wa Riwaya za Bwana Msa Zikisomwa kutoka Pwani ya Kilwa

Riwaya za upelelezi za Muhammed Said Abdulla (1918–1991) zimezoeleka kuhukumiwa kwa namna mbili. Baadhi ya wahakiki huziweka katika fungu la fasihi pendwa na kuzipita upesi. Wengine huzisifu kwa uanzilishi wake, kwa kuwa Mzimu wa Watu wa Kale ilipata tuzo ya kwanza katika shindano la East African Literature Bureau la 1957–58, ikachapishwa mwaka 1960. Sehemu hii inazitazama kama riwaya za mji mdogo, yaani hadithi ambamo mauaji hutokea miongoni mwa watu wanaojuana, damu haionyeshwi sana, na mpelelezi ni mtu wa hapohapo. Kisha inauliza zinasomekaje kutoka Kilwa Kivinje, mji ambao kwa sura yake ungefaa sana kuwa mandhari ya riwaya ya aina hii. Hoja yetu ni kwamba utanzu huu unaelewa vizuri namna mji mdogo unavyojua mambo, lakini hauelewi kwa nini mji mdogo hunyamaza.

Mvuto wake haustahili kudharauliwa. Miss Marple wa Agatha Christie hufumbua fumbo kwa kumlinganisha mshukiwa na mtu fulani wa kijijini kwake aliyemjua zamani. Bwana Msa, licha ya kiko alichorithi kwa Sherlock Holmes, yuko karibu zaidi na bibi huyo kuliko inavyosemwa. Nyenzo yake kubwa ni mazungumzo. Katika jamii ya pwani mgeni hafiki na kuuliza moja kwa moja: hupiga hodi, huamkia, huuliza hali, hukaribishwa, na katikati ya hayo yote mwenyeji amekwisha kusema mengi bila kuulizwa. Najum hukimbilia hitimisho. Bwana Msa husubiri maneno yajilete. Kwa maoni ya mtafiti, hapa ndipo Abdulla anapokuwa mwandishi mkubwa: amegundua kwamba adabu ya Waswahili ni mbinu kamili ya upelelezi. Msomaji wa Kivinje au Lindi hahitaji kuelezwa jambo hilo, maana baraza za kwao hufanya kazi iyo hiyo kila jioni. Waliomfuata waliiacha njia hii. Faraji Katalambulla katika Simu ya Kifo (1965) aliupeleka upelelezi Dar es Salaam, na Willy Gamba wa Elvis Musiba na Joram Kiango wa Ben Mtobwa wakaingia katika dunia ya bastola na njama za kimataifa. Huko, kujuana hakumsaidii mtu sana.

Upungufu unaotajwa mara nyingi ni sadfa nyingi mno, na kwamba hata riwaya zilizochapishwa baada ya Mapinduzi ya 1964 zinaendelea kuishi zaidi katika jamii ya kabla yake. Lawama hizo ni za kweli, ila hazigusi kiini. Kiini ni namna utanzu wenyewe unavyoichukulia siri. Hata anwani zinatangaza hivyo: Siri ya Sifuri (1974) inaahidi siri, na siri iliyoahidiwa lazima itolewe. Anayeficha jambo ana hatia, au ana aibu ya nasaba. Uwezekano wa tatu haupo, na ukweli ukishapatikana, Inspekta Seif yupo kuupokea.

Kivinje inaudai uwezekano huo wa tatu. Mji huo ulistawi katika karne ya 19 kwa biashara ya pembe za ndovu na watumwa waliofikishwa pwani kutoka bara, kisha ukawa makao ya utawala wa Wajerumani. Hapo ndipo Hassan bin Omari Makunganya aliponyongwa mwaka 1895. Miaka kumi baadaye, habari ya dawa ya maji ilienea Umatumbi kwa mnong’ono ulioitwa njwiywila, kutoka mtu hadi mtu. Mnong’ono huo ulikuwa siri ya watu wengi. Kuufichua kwa askari kulikuwa usaliti. Kuutunza kulikuwa uaminifu. Kwa mizani ya riwaya ya upelelezi, mzee wa Umatumbi aliyejibu “sijui” mbele ya askari angekuwa mshukiwa wa kwanza.

Tofauti hiyo inaonekana pia katika suala la imani. Katika Mzimu wa Watu wa Kale, hofu ya mzimu ni pazia linaloficha mkono wa binadamu, na busara ya Bwana Msa ni kulivuta pazia hilo. Ni busara ya haki kabisa katika kesi ya mauaji. Lakini kinachobaki baada ya kuvutwa ni muuaji mmoja tu. Ebrahim Hussein, katika tamthilia ya Kinjeketile (1969), alishughulikia imani iliyowaunganisha watu wa makabila mbalimbali dhidi ya utawala wa Wajerumani, na hakuridhika kuuliza kama maji yalizuia risasi au hayakuzuia. Aliuliza imani hiyo iliwafanyia nini walioishika, na iliwagharimu nini.

Yawezekana msomaji akapinga kwamba si haki kumdai mwandishi wa Unguja historia ya Kilwa. Pingamizi hilo lina uzito, na hukumu hii haimlengi Abdulla binafsi. Inamlenga zaidi mwandishi anayekuja. Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yamo katika orodha ya urithi wa dunia tangu mwaka 1981, na ni rahisi kuitazama pwani yote hii kama picha: mlango wa nakshi, mashua, mzee kibarazani. Riwaya ya mji mdogo hupenda picha kama hiyo. Atakayemleta Bwana Msa wake Kivinje atalazimika kuamua, kabla ya sura ya kwanza, ni nani atakayepelekewa majibu; kwa kuwa boma ambalo Inspekta Seif angelikalia ndilo lililopeleka askari dhidi ya babu zao wale atakaowapigia hodi.