Hulka Mbili za Binadamu katika Uchumi wa Kibepari

Katika madarasa ya uchumi, na hata katika vikao vyetu wenyewe, limo neno moja ambalo hutolewa kama vile halihitaji ushahidi: kwamba binadamu ni mbinafsi kwa hulka yake. Akitoka hapo msemaji hufika upesi anakotaka kufika. Kwa kuwa mtu ameumbwa kujitafutia, basi ubepari unakwenda na maumbile, na ujamaa unapigana na maumbile. Kada anayekabiliwa na hoja hii mara nyingi huigeuza tu upande wa pili: La, binadamu, hasa Mwafrika, ni mjamaa kwa asili.

Sisi tunaona kwamba majibu yote mawili yana kasoro ile ile. Lakini hatuna budi kwanza kuifuata nadharia ya mabepari katika historia yake, kwa maana tukifanya hivyo tunakuta jambo ambalo walimu wake hawapendi kulitaja. Nadharia hiyo haikuwa na hulka moja ya binadamu. Ilikuwa nazo mbili: moja ya mwenye mali, ambaye huvutwa na faida, na nyingine ya mvujajasho, ambaye husukumwa na njaa.

Tumchukue Bernard Mandeville, daktari aliyezaliwa Uholanzi na kuishi London. Mwaka 1705 alitoa shairi juu ya mzinga wa nyuki, na mwaka 1714 akalikuza likawa kitabu, akidai kwamba tamaa, anasa na majivuno ya mtu mmoja mmoja ndivyo vinavyolitajirisha taifa. Wanaomsifu kama mtangulizi wa soko huria huishia hapo. Lakini mwaka 1723 aliongeza insha juu ya shule za hisani zilizokuwa zikisomesha watoto wa maskini, na alizipinga. Taifa lenye neema, alidai, lahitaji umati wa watu wasiojua mengi. Kwani mtu akijua mengi hutaka mengi, na akitaka mengi hakubali kazi ngumu kwa ujira mdogo. Kwa hiyo tamaa ni baraka ikiwa moyoni mwa tajiri, lakini ikiingia kwa mtoto wa kibarua inakuwa hatari kwa taifa!

Mandeville hakuwa peke yake. Katika Uingereza ya karne ya 18 ilikuwa imani ya kawaida ya waandishi wa uchumi kwamba mfanyakazi ni mvivu kwa asili, na kwamba akilipwa vizuri atafanya kazi siku tatu na kunywa siku zilizobaki. Arthur Young, mtaalamu maarufu wa kilimo, aliandika mwaka 1771 kwamba watu wa chini lazima wabakizwe katika umaskini, ama sivyo hawatakuwa na bidii. Mwaka 1786 kasisi Joseph Townsend alikwenda mbali zaidi. Alisimulia habari za kisiwa cha Juan Fernandez, ambako mbuzi na mbwa walioachwa huko walijipatia uwiano wao kwa njaa bila serikali yoyote, kisha akaihamishia habari hiyo kwa binadamu: sheria na viboko huleta kelele na chuki, bali njaa hufundisha utii kimya kimya. Ukweli wa kisa chenyewe umetiliwa shaka, na Karl Polanyi alilionyesha hilo katika kitabu chake cha mwaka 1944. Lakini kisa kilifanya kazi yake. Malthus alikuja na nadharia yake ya idadi ya watu mwaka 1798, na mwaka 1834 Bunge la Uingereza likapitisha Sheria mpya ya Maskini, ambayo kanuni yake ilikuwa kwamba hali ya anayesaidiwa lazima iwe mbaya kuliko ya kibarua wa chini kabisa. Njaa ikawa chombo cha dola.

Tunauliza: ikiwa kila mtu kwa maumbile yake hutafuta faida, kwa nini faida haikutosha kumwita mkulima wa Uingereza aingie kiwandani? Kwa nini ilibidi mashamba na malisho ya kijiji yazungushiwe ua kwa sheria za Bunge, mpaka asiwe na pa kwenda? Nadharia haijibu. Inatoa hulka ya pili mfukoni.

Hapa ni haki tumtenge Adam Smith na wale wanaotembea na jina lake. Makada wengi wanamjua Smith wa mwaka 1776 tu, yule wa mchinjaji na mwoka mikate ambao hutupatia chakula kwa kuangalia maslahi yao. Smith huyo huyo mwaka 1759 alikwishaandika kitabu kizima kinachoanza na uwezo wa mtu kuhisi furaha na uchungu wa mwenzake. Na hata katika kitabu cha 1776 aliipinga imani ya njaa: alisema ujira mzuri huongeza bidii ya mfanyakazi. Alisema pia kwamba tofauti kati ya mwanafalsafa na mchukuzi wa mizigo wa mtaani haitokani sana na maumbile bali na mazoea na elimu. Kosa lake liko kwingine. Aliona watu wa zama zake wakiuza na kununua, akasema kuna mwelekeo wa kubadilishana bidhaa uliomo katika binadamu, na kwamba huo ndio uliozaa mgawanyo wa kazi. Yaani muuza duka wa karne ya 18 alirudishwa nyuma mpaka mwanzo wa dunia.

Waliofuata walipunguza mtu huyo zaidi. John Stuart Mill, katika insha ya mwaka 1836, alikiri kwamba mtu wa wachumi, anayetaka mali tu na kuchukia kazi, ni dhana ya kurahisisha uchunguzi, na kwamba hakuna mchumi mwenye akili anayeamini binadamu halisi yuko hivyo. Onyo hilo lilisahauliwa. Mwaka 1881 Francis Edgeworth aliweka ubinafsi uwe kanuni ya kwanza ya uchumi, akaifunga kwa hesabu ngumu. Na katika kitabu hicho hicho chenye hesabu tunamkuta akidai kwamba mwanamume ana uwezo mkubwa wa kuonja raha kuliko mwanamke, na hivyo anastahili zaidi. Hulka mbili tena, safari hii kwa alama za aljebra.

Marx alikwishaugusa mzizi wa jambo hili. Mwaka 1845 aliandika kwamba kiini cha binadamu hakikai ndani ya mtu mmoja mmoja bali ni jumla ya mahusiano yake ya kijamii. Na katika Kapitali ya mwaka 1867 alimlaumu Bentham kwa kumchukua muuza duka wa Kiingereza na kumfanya kipimo cha binadamu wote.

Nadharia hii ya hulka mbili ilipanda meli ikaja kwetu. Wakoloni walisema Mwafrika ana mahitaji machache, akishapata anachokitaka huacha kazi, basi kumwongezea ujira ni kumfundisha uvivu. Ni maneno yale yale waliyoambiwa vibarua wa Kiingereza. Mtaalamu wa Kidachi J. H. Boeke aliyasema juu ya watu wa Indonesia, akayapa sura ya nadharia katika kitabu cha mwaka 1953. Chini ya Wajerumani, kodi ya nyumba iliyotangazwa mwaka 1897 na mashamba ya lazima ya pamba yaliyoanzishwa mwaka 1902 vilihalalishwa kwa hoja hiyo, na Wamatumbi waling'oa pamba hiyo mwaka 1905, Vita vya Maji Maji vikaanza.

Lakini tuangalie upande wa pili wa shilingi hiyo. Wapagazi wa Kinyamwezi walikwishakuwa wakienda pwani na misafara kwa ujira tangu karne ya 19, kabla Mjerumani hajafika. Wakulima wa Kilimanjaro walipanda kahawa kwa hiari, wakaunda chama chao mwaka 1925 na ushirika wa KNCU mwaka 1933, huku walowezi wakipiga kelele wazuiwe. Kenya walizuiwa kweli: mpaka miaka ya 1930 Mwafrika hakuruhusiwa kulima kahawa, na mlango haukufunguliwa kwa upana hadi mpango wa Swynnerton wa mwaka 1954. Mtu anayesemekana hana hamu ya faida anahitajije sheria ya kumzuia asipate faida?

Sasa turudi kwetu, kwa kuwa kasumba haikuondoka na bendera. Katika makala yake ya mwaka 1962 Mwalimu Nyerere aliueleza ujamaa kuwa ni moyo, ni namna ya kufikiri, na wengi wetu tuliokuja baadaye tukaona hilo latosha: Mwafrika ni mjamaa tayari. Mwalimu mwenyewe hakubaki hapo. Katika Ujamaa Vijijini ya mwaka 1967 aliitaja kasoro ya maisha ya jadi, yaani umaskini na unyonge wa mwanamke. Na miiko ya uongozi ya Azimio la Arusha haikudhani kwamba kiongozi ni mwema kwa asili. Ilimkataza hisa, mishahara miwili na nyumba za kupangisha, kwa kuelewa kwamba mwenye nyumba za kupangisha atafikiri kama mwenye nyumba za kupangisha, hata awe na kadi ya Chama. Azimio la Zanzibar la mwaka 1991 lililegeza miiko hiyo, na haikuwa hulka ya viongozi iliyobadilika mwaka huo.

Utafiti wa karibuni unatusaidia. Mwaka 2001 ulichapishwa uchunguzi uliofanywa katika jamii ndogo 15, Wahadzabe wetu wakiwamo. Mtu anapewa fedha amgawie mwenzake asiyemjua. Mwenzake akikataa mgao, wote wanakosa. Hakuna jamii hata moja iliyofanya kama mtu wa Edgeworth. Wastani wa mgao ulianzia asilimia 26 kwa Wamachiguenga wa Peru hadi 58 kwa wavuvi wa nyangumi wa Lamalera, Indonesia, ambao hawawezi kumvua mnyama huyo bila kushirikiana. Wahadzabe, wanaogawana nyama kila siku, walitoa kidogo. Na jamii zilizozoea soko zilielekea kugawa kwa usawa zaidi, jambo lisilompendeza mshabiki wa jadi. Kinachoonekana ni kwamba namna watu wanavyozalisha na kukutana ndiyo inayotengeneza mwenendo wao.

Kada anayesimama mbele ya mkutano wa kijiji na kusema wakulima hawa ni wavivu anarudia hulka ya pili. Maneno hayo yalisemwa sana baada ya vyama vya ushirika kuvunjwa mwaka 1976, bei ya mkulima ilipoliwa na gharama za mamlaka za mazao na malipo yakachelewa. Wakati huo huo mazao yalikuwa yakivuka mpaka usiku, kichwani na kwenye baiskeli, yakipelekwa na wakulima wale wale. Ushirika ulirudishwa kwa sheria ya mwaka 1982. Kada anayetaka kujua kwa nini shamba la pamoja lina magugu na la nyumbani halina, aanze na daftari la malipo: nani alipima mazao, bei gani, na fedha zilifika lini.