Karatasi ya Fundi Mitambo: Jinsi ya Kuipima Hesabu ya Umeme wa Sherehe

Kamati ya harusi ya Dar es Salaam huonja pilau kabla ya kumlipa mpishi, hukagua mapambo, na huomba video za MC akiwa kazini. Umeme hauonjwi. Fundi mitambo akisema "hapa tutahitaji jenereta ya kVA 20," wajumbe huitikia kwa kichwa na kuingia kwenye ajenda ya keki. Hapo wanapoteza nafasi nzuri, maana hakuna kitu kinachomfichua fundi wa muziki na skrini upesi kama karatasi yake ya hesabu ya umeme, na mtu yeyote anaweza kuisoma. Tazama fundi ameuliza nini kabla ya kutazama amejumlisha nini. Jumla inaweza kuwa sawa kwa bahati tu, hasa kwa mtu mwenye mazoea ya kuzidisha kila kitu mara mbili.

Hesabu yenyewe ni ya shule: wati ugawe kwa volti, kisha kwa pawa fakta ya chombo (sehemu ya umeme unaovutwa inayofanya kazi kweli; ya pasi ni 1), upate ampea. Umeme wetu wa fezi moja ni volti 230, kwa hiyo wati 2,300 za pasi ni ampea 10. Ugumu uko katika kujua ni wati zipi za kugawa.

Anza na mstari wa amplifaya. Ikiandikwa wati 1,000 mara mbili, hizo ni za kwenda kwenye spika. Inachovuta ukutani ni habari nyingine. Fundi mchanga huchukua 2,000, hugawa kwa 230, hupata karibu ampea 9 na kuridhika. Aliyekomaa anajua kwamba muziki una mapigo na mapengo, na kwamba amplifaya inayokaribia ukomo wake kwa wimbo wa kawaida hutoa kwa wastani kama moja ya nane ya nguvu yake. Watengenezaji wengi huchapisha kiwango cha umeme kwa kipimo hichohicho. Moja ya nane ya 2,000 ni wati 250 za sauti. Amplifaya ya daraja AB, ile nzito yenye transfoma kubwa, inaweza kuvuta karibu wati 900 ili kuzitoa hizo 250, na zinazobaki zinakuwa joto. Ya daraja D itaridhika na kama 400. Kwa hiyo karatasi isiyotaja daraja la amplifaya haijafanya hesabu bado, hata kama imechapwa vizuri na kugongwa muhuri.

Kisha uliza: ni muziki gani? Hili ndilo swali ninalolipenda kuliko yote, na mafundi wengi hushangaa kuulizwa. Hotuba za wazee hazifikii hata ile moja ya nane. Taarabu na bendi yenye magitaa huikaribia. Singeli ya saa sita usiku ni mambo mengine kabisa: besi haipumui, DJ amekwisha kubana sauti mpaka mapengo yamejaa, na hapo wastani wa kukisia ni moja ya tatu. Amplifaya yetu ya daraja D sasa inakaribia wati 850, na ya AB inakwenda kwenye 1,600. Fundi aliyetaka kujua DJ ni nani kabla ya kutaja ukubwa wa jenereta, huyo mpe kazi.

Skrini ya LED ina mtego wake. Tuchukue ya meta 4 kwa 3, yaani meta za mraba 12, ambayo kibao chake kinasema wati 600 za juu kabisa kwa kila meta ya mraba. Ukomo wake ni wati 7,200, ambazo kwa pawa fakta ya 0.95 ni ampea 33. Video ya kawaida ya maharusi wakitembea ufukweni hula kama theluthi ya hapo, ampea 11 hivi, na hiyo ndiyo namba inayovutia kuandikwa. Lakini skrini hufika karibu na ukomo wake inapokuwa nyeupe yote, na kwaya ikija na maneno ya nyimbo kwenye slaidi za rangi nyeupe, nyeupe yote ndiyo mnayopata, kwa dakika nzima. Karatasi nzuri huandika namba zote mbili, hupanga waya na breka kwa ile ya 33, hukadiria mafuta ya jenereta kwa ile ya 11, na pembeni huweka sharti kwamba slaidi ziwe za rangi nyeusi au mwangaza upunguzwe.

Kwenye taa za jukwaa sitakaa. Taa tuli za LED, zinazoitwa par, zinakula kidogo. Taa za kuzunguka zenye balbu zinakula wati mia tatu na zaidi kila moja, na idadi yake hukua siku ya sherehe.

Kuwasha nako kuna namba yake. Transfoma ya amplifaya na pawa saplai za skrini hunyonya umeme mwingi mno kwa sehemu ndogo ya sekunde, mara kadhaa ya matumizi ya kawaida. Breka ya aina B huachia papo hapo mkondo ukifika mara 3 hadi 5 ya kiwango chake. Ya aina C huvumilia mpaka mara 5 hadi 10. Ndiyo maana umeme wa ukumbi unaweza kukatika wakati wa kuwasha ilhali hesabu ya ampea inaonyesha nafasi tele. Dalili ya fundi mzuri hapa ni mstari mmoja tu: mpangilio wa kuwasha. Miksa kwanza, skrini kwa mafungu, amplifaya mwisho, moja baada ya nyingine.

Kuna pia mizigo ya watu wengine. Mpishi huja na birika kubwa la chai la wati 3,000, ampea 13 peke yake, akachomeka kwenye soketi iliyo karibu, ambayo mara nyingi ni ya jukwaa. Mpambaji ana taa zake, mpiga picha ana chaja zake, na mwenye mashine ya moshi hajawahi kumwambia mtu yeyote kwamba ina hita. Karatasi inayohesabu vyombo vya fundi pekee ni nusu karatasi.

Kwenye fezi tatu, angalia mgawanyo. Jenereta ya kVA 20, kwa pawa fakta ya 0.8 ambayo kwa kawaida ndiyo iliyoandikwa kwenye kibao, hutoa kilowati 16, na kila fezi inabeba ampea 29. Fundi akipachika skrini na muziki wote kwenye fezi moja, jenereta hiyo kubwa imegeuka kuwa ya kVA 6 na ushee. Mgawanyo mzuri huweka skrini fezi yake (mwangaza ukiwa umepunguzwa, ili ule ukomo wa ampea 33 usivuke 29), amplifaya fezi yake, na ya tatu taa pamoja na jiko. Hata hapo bado kuna nyutro, waya wa pamoja wa kurudishia mkondo. Pawa saplai za bei rahisi huchafua mkondo wa umeme, na sehemu moja ya uchafu huo haifutani kwenye nyutro kama mkondo safi unavyofutana, hujumlishwa. Nyutro inaweza kubeba ampea nyingi kuliko fezi yoyote. Kebo yenye nyutro nyembamba ni sababu ya kutosha ya kumkataa fundi, kwa sababu nyutro ikikatika, chombo cha volti 230 kinaweza kupata volti zinazokaribia 400. Mitaa mingi inalijua hilo kwa kuhesabu televisheni zilizoungua jioni moja.

Waya hupimwa kwa unene na kwa urefu pamoja. Kebo ya milimita za mraba 2.5 yenye urefu wa meta 50, ikibebeshwa ampea 16, hupoteza karibu volti 14 njiani. Ya 1.5 hupoteza kiasi hichohicho kwa ampea 10 tu. Angalia na ekstensheni za kuzungushwa kwenye gurudumu: nyingi zina namba mbili kibaoni, moja ya waya ukiwa umekunjuliwa wote na nyingine, ndogo sana, ya waya ukiwa bado umezungushwa. Fundi anayeacha meta 30 kwenye gurudumu chini ya meza ya DJ anatengeneza hita.

Fungua plagi moja. Fyuzi ya ampea 13 ikiwa imebadilishwa na kipande cha waya au karatasi ya kung'aa ya pakiti ya sigara, funga mazungumzo. Na pini ya ethi ikiwa imekatwa "ili mvumo uishe kwenye spika," ondoka. Mvumo una dawa zake halali, kama transfoma ya kutenga kwenye waya wa sauti. Mpiga gitaa Leslie Harvey wa bendi ya Stone the Crows alikufa jukwaani Swansea, Wales, mwaka 1972, aliposhika maikrofoni iliyokuwa na umeme huku ethi haikufungwa sawasawa.

Mwisho dai kipimo. Ile mita yenye taya za kubana waya mmoja bila kuukata ndiyo mtihani wa karatasi yote, na fundi anayejiheshimu huandika ampea alizosoma kando ya zile alizokadiria, kila fezi na nyutro. Uliza alipima saa ngapi. Saa saba mchana, wakati wa kufunga vyombo, volti huwa 230 nzuri. Saa mbili usiku, mtaa mzima umewasha feni na viyoyozi, zinaweza kushuka hadi 200, na wengi hudhani matumizi nayo yameshuka. Pasi, ndiyo. Lakini pawa saplai ya skrini na ya amplifaya za kisasa hutaka wati zilezile, kwa hiyo volti zikipungua, ampea huongezeka. Skrini na muziki vilivyosomeka ampea 26 mchana vinafika 30 usiku, na breka ya 32 iliyoonekana ina nafasi imebakiwa na ampea mbili, kabla DJ hajaanza singeli.