Utisho Ulio Ndani: Filamu ya Pumzi katika Utazamaji wa Pili

Filamu fupi ya Pumzi (2009) ya Mkenya Wanuri Kahiu huainishwa kama bunilizi ya kisayansi, ingawa utisho umeipenya kote. Anayeitazama mara ya kwanza aghalabu huogopa jangwa: vita vya maji vimepita, nchi imekauka, na waliosalia wamejifungia ndani ya jengo. Utazamaji wa pili, hasa ukifanywa kutoka Isiolo, unabainisha kwamba chanzo cha utisho huo si jangwa.

Katika jumuiya ya Maitu, jasho na mkojo husafishwa na kunywewa tena. Umeme huzalishwa kwa misuli ya watu wanaotumikishwa kwenye mashine, na ndoto huzimwa kwa vidonge. Wahusika huwasiliana kwa mitambo pasipo kufumbua vinywa. Asha, mtunzaji wa makumbusho, anapopata udongo wenye rutuba na kuotesha mbegu, Baraza linamnyima kibali cha kutoka na kumpeleka kwenye mashine hizo. Kinachozuia uhai, basi, si jua bali ni amri.

Isiolo inatoa kipimo cha kulinganishia. Ukame wa 2020 hadi 2023 uliangamiza mifugo mingi kaskazini mwa Kenya, hivyo uhaba si jambo geni huko. Hata hivyo, miongoni mwa Waborana wapo jarsa dedha, yaani wazee wa malisho, ambao hujadiliana ni nyanda zipi zihifadhiwe kwa kiangazi na mifugo inywe wapi. Uhaba wao una kikao. Uhaba wa Maitu una skrini tu.

Kipimo hichohicho kinafichua dosari ya filamu. Inalinganisha nchi kavu na nchi iliyokufa, ilhali mfugaji wa kando ya Ewaso Nyiro anajua kwamba migunga hustahimili miezi mingi bila mvua.

Dosari hiyo, hata hivyo, haidhoofishi hatima ya kisa. Asha anaunywesha mche maji yake ya mwisho, kisha mti unakua mahali alipolala. Tendo lililoonekana awali kuwa ushujaa tu linasomeka sasa kuwa shtaka: jamii iliyogawa maji bila kugawa uamuzi imemwachia mtu mmoja kulipa deni la wote.