Kielezi na Kitenzi katika Kiingereza cha Kuandikwa

Iko kanuni moja ya Kiingereza ambayo waalimu wengi huishika kama amri, ya kwamba kielezi kisitiwe kati ya neno "to" na kitenzi chake. Mwanafunzi akiandika "to carefully read", hukatwa kwa wino mwekundu. Akiandika "carefully to read", husifiwa. Twapenda kuipima kanuni hii, kwani kwa maoni yetu imezipotosha sentensi nyingi zilizokuwa hazina kosa.

Si kanuni ya kale. Robert Lowth, aliyekuja kuwa Askofu wa London, alitoa sarufi yake mwaka 1762. Alitaka kielezi kikae karibu na neno kinalolieleza, wala jambo hili hakulikataza. Miongoni mwa waliolikataza, aliyesikiwa sana ni Henry Alford, Mkuu wa Kanisa Kuu la Canterbury, katika kitabu chake cha mwaka 1864. Alidai ya kuwa Waingereza hawana kabisa desturi hiyo, na ya kuwa "to" haitengani na kitenzi. Dai la kwanza si kweli, kwani desturi hiyo yaonekana katika maandiko ya karne ya 14.

Dai la pili yafaa tulitazame zaidi, maana masikioni mwa Mswahili lina ladha ya kweli. "Ku" yetu imeshikamana na kitenzi: twasema kusoma, kulisoma, kumsomea, wala "vizuri" haiwezi kupenya humo. Lakini "to" si "ku". Mwingereza husema "to read and write", "to" moja ikatumikia vitenzi viwili. Sisi hatuna budi kusema kusoma na kuandika. Tena akiulizwa kama atakuja, aweza kujibu "I want to", akakiacha kitenzi kabisa. Neno liwezalo kuachwa peke yake hivyo, litaitwaje lisilotengana?

Na hasara yake ni kubwa. "He decided to quickly return" maana yake aliamua kurudi kwa haraka. Mwalimu akisahihisha "He decided quickly to return", msomaji aweza kufahamu ya kuwa aliamua upesi, labda akarudi baada ya mwaka. H. W. Fowler, katika kamusi yake ya mwaka 1926, aliona afadhali kutenganisha kuliko kuleta mashaka ya maana, nasi twakubaliana naye. Hatusemi kielezi kitiwe hapo ovyo. Mara nyingi mwisho wa sentensi ndipo mahali pake pazuri.

Kumbe liko kosa la kweli lipitalo bila kuguswa. Kiswahili chakubali "Asema vizuri Kiingereza", basi wanafunzi huandika "He speaks well English". Mwingereza hapendi kielezi kati ya kitenzi na shamirisho yake. Husema "He speaks English well". Katika madaftari tuliyoyaona, "to carefully read" ilikuwa imekatwa mara mbili, na "He speaks well English" ilikuwa imewekewa alama ya sahihi.