Safu ya Baba

Maandishi ninayotaka kuyazungumzia hayauzwi dukani wala hayagombei tuzo. Yaliandikwa na wasajili, makarani wa sensa na wazee wa kanisa wa Uskochi, kwa wino, na mara nyingine kwa mwandiko unaokufanya udhani kuku amepita juu ya karatasi. Nimeyasoma miezi mitano, usiku, kwenye kompyuta yenye kioo kilichopasuka pembeni. Ukoo wenyewe si wangu. Ni wa bibi mwenye nyumba niliyopanga Dundee.

Bibi huyu amevuka miaka themanini. Mpwa wake alimlipia mwaka mmoja kwenye tovuti ya nasaba, moja ya zile kubwa zinazotoza kila mwezi, ili ajue “asili yake”. Tovuti ilimtolea mti wa ukoo wenye rangi za kupendeza, ngao mbili, na picha ya upanga. Bibi aliutazama mti ule kama mtu anayetazama bili isiyo yake. “Watu wangu walikuwa wakifuma magunia,” aliniambia. “Huu upanga ni wa nani?”

Swali hilo ndilo uhakiki wa kwanza wa kweli niliousikia kuhusu aina hii ya uandishi, na sijapata bora zaidi. Mti wa kulipia ni hadithi iliyoandikwa kabla ya mhusika kufika. Kila Mskochi hupewa ukoo wa milimani, kitambaa cha mistari na shujaa aliyepigania jambo fulani. Dundee ulikuwa mji wa juti. Malighafi ilitoka Bengali, magunia yakasambaa duniani, na wengi wa waliosimama kwenye mashine walikuwa wanawake. Ukoo wa bibi umejaa wanawake hao, na hakuna hata mmoja anayehitaji upanga.

Mwaka ulipokwisha, bibi alikataa kuendelea kulipa. “Niwalipie wafu wangu mwenyewe?” Basi tukaanza upya, kwa njia ya bei nafuu.

Njia yenyewe ina adabu zake. Hazina ya serikali ya Uskochi iko kwenye tovuti inayoitwa ScotlandsPeople. Kujiandikisha ni bure na kutafuta majina kwenye faharasa ni bure. Unalipa unapotaka kufungua picha ya ukurasa wenyewe, na unalipa kwa salio unalonunua kabla, kama vocha ya simu. Ukurasa mmoja wa cheti ulitugharimu takriban pauni moja na nusu. Si pesa nyingi mpaka ufungue kurasa kumi za watu wasio wako. Kwa hiyo unajifunza kusoma faharasa kwa makini kabla ya kugusa salio. Mwanamke aliyeolewa, kwa mfano, akifa huingizwa kwenye faharasa kwa jina la mumewe na pia kwa jina la kwao. Ukitafuta kwa yote mawili na majibu yakaja na namba moja ya ukurasa, umempata, na hujatoa hata senti.

Hapa ndipo nilipoanza kuupenda uandishi huu. Nilizoea kusikia kwamba mwanamke wa Uingereza akishaolewa hupotea ndani ya jina la mume. Kwenye madaftari ya Uskochi hapotei. Jina la kwao linamfuata mpaka kaburini, na mara nyingi limechongwa kwenye jiwe. Aliyekulia pwani yetu, ambako bibi kizee huitwa binti fulani mpaka siku ya mwisho, hahitaji kuelezwa zaidi.

Usajili wa lazima wa kiserikali ulianza tarehe 1 Januari 1855, na mwaka ule wa kwanza fomu ilitungwa na mtu mwenye njaa ya kujua. Cheti cha kuzaliwa cha 1855 kinauliza umri wa wazazi, walikozaliwa, walioana lini na wapi, na wana watoto wangapi wengine, walio hai na waliokufa. Cheti cha kifo kinataja watoto wote wa marehemu. Ukiwa na babu aliyefariki mwaka huo una bahati, maana kwa pauni moja na nusu unapata riwaya fupi. Mwaka uliofuata maswali mengi yakaondolewa kwa sababu kazi ya kuyajaza ilikuwa kubwa mno. Mwaka mmoja tu dola ilimsikiliza mtu wa kawaida kwa kina namna ile, kisha ikachoka.

Hata hivyo, fomu iliyobaki si haba. Cheti cha ndoa kinawataja bwana harusi, bibi harusi na wazazi wote wanne, pamoja na kazi za maharusi na za baba zao. Watu sita kwa ada ya ukurasa mmoja. Cheti cha kifo kinataja baba na mama wa marehemu, hivyo ukianza na kifo unapanda kizazi kizima kwa hatua moja. Ndiyo maana tulianza na nyanya yake bibi, yule aliyemlea na aliyemwachia hadithi pekee ya ukoo waliyokuwa nayo: kwamba baba yake nyanya alikuwa baharia, na kwamba alizama kabla mtoto hajazaliwa.

Cheti cha ndoa cha nyanya ni cha 1903. Katika safu ya baba pameandikwa jina la mwanamume, kisha: baharia wa meli za biashara, marehemu. Bibi alipiga makofi. Tukamtafuta baharia huyo wiki mbili, kwenye sensa, kwenye ndoa, kwenye vifo. Hakuna mtu wa jina lile aliyemwoa mama yake nyanya. Hakuna mtu wa jina lile aliyewahi kuishi karibu naye.

Tukafungua cheti cha kuzaliwa. Mwaka 1879, shamba moja huko Angus, mama ni mtumishi wa shambani. Chini ya jina la mtoto, msajili ameandika kwa herufi safi kwamba mtoto huyu si wa ndoa. Safu ya baba ni nyeupe. Sheria ilikuwa wazi: baba asiyefunga ndoa hakuandikwa ila yeye na mama waombe kwa pamoja na kutia saini. Chini kabisa, mahali pa saini ya mama, kuna alama ya msalaba, na pembeni msajili ameeleza kwamba ni alama yake.

Nimesoma riwaya nyingi zinazojitahidi kuonyesha ukimya. Waandishi huacha kurasa tupu, hukata sentensi katikati, na sisi wahakiki tunashangilia. Ile safu nyeupe haikujitahidi chochote. Karani aliruka mstari akaendelea na mtoto aliyefuata.

Bibi hakusema neno. Aliuliza tu kama kuna mahali pengine pa kutazama, na mahali pengine palikuwapo, tena bila malipo. Kumbukumbu za mabaraza ya wazee wa kanisa, karne kwa karne mpaka mwaka 1900, zimepigwa picha, na unaruhusiwa kuzifungua na kuzisoma bure. Unachotoa ni macho yako. Za parokia ile hazikuwa na faharasa ya majina. Unapindua ukurasa baada ya ukurasa. Nilitumia siku tatu.

Huu ndio utanzu mkali kuliko zote. Wazee wa kanisa la Uskochi walijipa kazi ya kuuliza nani amelala na nani. Hata mshairi Robert Burns alisimamishwa kanisani Mauchline mwaka 1786, akakemewa mbele ya waumini kwa sababu ya mimba ya Jean Armour. Burns alikuwa na kalamu ya kujibu mapigo, na aliitumia. Msichana wa Angus hakuwa nayo. Kwenye daftari anaitwa, anafika, anakiri, anaulizwa ni nani. Anamtaja mtoto wa kiume wa mwenye shamba. Mkutano unaofuata kijana anaitwa, anakana. Msichana anaulizwa tena. Anarudia jina lile lile. Anaonywa, anakubaliwa kurudi kwenye meza ya Bwana, na jambo linafungwa. Ukurasa huo huo, paa la kanisa linalovuja limepewa mistari mingi kuliko yeye.

Nasisitiza neno “anarudia”, maana ndipo kalamu ya karani inapomponyoka. Nathari yake imetungwa kwa kusudi la kutomsikia msichana. Kila kitu ni taarifa, hakuna maneno yake mwenyewe, na kijana anapewa cheo cha bwana huku msichana akipewa kazi yake tu. Lakini kusema jina lile mara ya pili, mbele ya wanaume wazee ambao huenda baadhi yao walikodi ardhi kwa baba wa kijana, hakukuweza kufichwa na sarufi yoyote.

Nililinganisha na maelezo ya parokia ile ile katika Statistical Account, kazi kubwa ya Sir John Sinclair, aliyewapelekea wachungaji wa Uskochi nzima maswali zaidi ya 160 na kuchapisha majibu yao katika majuzuu 21 kati ya 1791 na 1799. Yote yamo mtandaoni bure, pamoja na toleo la miaka ya 1830 na 1840. Ni usomaji mtamu: bei ya shayiri, hali ya barabara, tabia za watu. Lakini msimulizi ni mmoja kila parokia, na ni mwenye nyumba nzuri kuliko wengi. Anapokusifia watumishi wa shamba kwa unyenyekevu, soma kwa tahadhari. Ramani za Maktaba ya Taifa ya Uskochi, nazo za bure, hazisifii mtu. Tuliliona shamba lile, majengo yake yamechorwa kama visanduku vidogo, na tulipoweka picha ya setilaiti kando yake, visanduku vitatu vilikuwa bado vimesimama.

Sitaki kuzifanya hifadhi hizi ziwe na huruma zisizo nayo. Maili chache kutoka Dundee, upande wa Perthshire, kulikuwa na nyumba ya John Wedderburn wa Ballindean, aliyemleta kutoka Jamaika mtu aliyemnunua, Joseph Knight. Knight alidai uhuru wake mahakamani, na mwaka 1778 mahakama kuu ya Edinburgh iliamua kwamba sheria ya Uskochi haiutambui utumwa. Karatasi za kesi zipo. Baada ya hapo Knight anatoweka. James Robertson, katika riwaya yake *Joseph Knight* ya 2003, alifanya jambo la busara: alimtuma wakala wa Wedderburn aliyezeeka kumtafuta, na akatufanya tutafute pamoja naye katika karatasi zile zile zisizomtaja. Naipenda riwaya hiyo kwa sababu haikukimbilia kuijaza safu.

Kuna pia hifadhidata ya Chuo Kikuu cha London, UCL, ya waliolipwa fidia baada ya utumwa kukomeshwa katika makoloni ya Uingereza. Kuitazama ni bure. Pauni milioni 20 ziligawiwa kwa wamiliki, na majina ya Kiskochi yamejaa humo, kamili, na anwani zao. Waliomilikiwa wamehesabiwa tu. Campbell ni jina la kawaida Jamaika leo, na Mjamaika anayefuatilia jina hilo mpaka Uskochi hukutana na mwenye shamba aliyeandikwa vizuri sana, na bibi yake mwenyewe aliyeandikwa kama tarakimu. Tovuti ya upanga na ngao itamuuzia na yeye kitambaa cha mistari.

Nilimsomea bibi ukurasa wa wazee wa kanisa jioni moja, polepole, nikijiuliza kama nina haki. Msichana yule hakuomba kusomwa na mpangaji kutoka Tanzania miaka zaidi ya mia baadaye. Mkono wa bibi ulibaki juu ya meza. Kisha akaniomba nirudi kwenye cheti cha ndoa.

“Huyu baharia,” alisema. “Alimwandika nani?”

Nikamweleza kwamba msajili aliandika alichoambiwa na bibi harusi. Nyanya yake, akiwa na miaka ishirini na minne, alisimama mbele ya karani, akaulizwa jina la baba, na akalitoa. Jina la kwanza na la ukoo, kazi, na kifo chake. Hapo tu ndipo mtu wa ukoo ule alipoishika kalamu ya serikali na kuiandikisha apendavyo.

“Na hawakumkatalia?”

“Hawakumkatalia.”

Alinituma maktaba kesho yake nikachapishe. Nilimuuliza ukurasa upi, wa kanisa au wa ndoa. Akanitazama kama alivyotazama upanga. Cheti cha 1903 kimebandikwa sasa kwenye friji kwa sumaku, safu ya baharia ikiangalia mlango.