Amana ya Takwimu za Kagera na Vyombo vya Kuihifadhi

Mwaka 1991, ukimwi ulipokuwa umekwisha kuweka matanga katika nyumba nyingi za Bukoba na Muleba, wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam pamoja na Benki ya Dunia walianza kuzizungukia kaya zaidi ya 900 katika vijiji takriban 50 vya Mkoa wa Kagera, wakazirudia hadi mara nne mpaka mwanzoni mwa 1994, kwa madhumuni ya kujua kifo cha mtu mzima huiachia jamaa yake athari gani katika chakula, shule, afya na mali. Kazi hiyo ingeweza kukomea hapo, ripoti ikaandikwa na madodoso yakafungiwa kabatini; lakini mwaka 2004, na tena mwaka 2010, watafiti waliwarejea watu walewale, safari hizi kwa kushirikiana na shirika la utafiti la EDI lililokuwa na makao yake mjini Bukoba, wakawatafuta vijijini mwao, na waliohama wakawafuata Mwanza, Dar es Salaam na hata Uganda. Katika marejeo ya 2004 walimpata angalau mtu mmoja kutoka katika zaidi ya asilimia 90 ya kaya za awali, na kaya zilizohojiwa zilikwisha kuzidi 2,700, maana watoto wa siku zile walikuwa sasa na miji yao wenyewe.

Wachumi Kathleen Beegle, Joachim De Weerdt na Stefan Dercon walizitumia takwimu hizo kuonyesha kwamba kuhama kati ya 1991 na 2004 kuliongeza ukuaji wa matumizi ya mhamaji kwa pointi 36 za asilimia, na matokeo hayo yamesomwa sana. Lakini liko jambo lililotangulia matokeo yote, nalo ni kwamba yaliyoandikwa mwaka 1991 yalisomeka baada ya miaka 13, na yakasomeka tena baada ya miaka 19. Katika muda kama huo vyombo vya kompyuta huzaliwa, huzeeka na kufa. Basi inafaa tupeleleze ni nini hasa kinachoivusha amana ya namna hii.

Tuchukue mstari mmoja tu wa dodoso la kaya: namba ya kaya, namba ya mtu ndani ya kaya, jinsia, umri, na uhusiano wake na mkuu wa kaya. Mstari huo ukiingizwa katika kompyuta huwa tarakimu chache tu zilizofuatana, ambazo zote zaweza kusomeka vizuri na bado zisiwe na faida yoyote, ikiwa kimepotea kitabu cha maelezo kinachosema kwamba tarakimu hii katika safu ile ni mke, na ile nyingine ni mjukuu. Kadhalika, takwimu na maelezo yake vyaweza kuwapo vyote viwili, lakini ikiwa orodha ya majina imetoweka, mdadisi afikapo Kamachumu au Nshamba baada ya miaka 13 atamuulizia nani? Kwa hiyo vitu vinavyohitaji kuvuka ni vitatu, yaani takwimu, maelezo na majina. Na hicho cha tatu hakina budi kufungiwa mbali na vile viwili, kwani takwimu za Kagera zimefunguliwa kwa watafiti wa dunia nzima pamoja na madodoso na mwongozo wake, ilhali majina ya waliofiwa na waliougua ni siri waliyowekeana na waliowahoji.

Sasa tuvitazame vyombo. Disketi ya inchi 3.5, iliyokuwa chombo cha kawaida cha ofisi katika miaka ile, ilibeba megabaiti 1.44, na leo, hata ikiwa sumaku yake ni nzima, shida ni kuipata mashine ya kuisomea. Sidii ya kuandikia nyumbani hutunza habari katika tabaka la rangi linalochujuka kwa mwanga na joto, na juu yake pana tabaka jembamba la metali. Inyanyueni mbele ya dirisha, na mkiona vitundu vinavyopitisha mwanga au ukingo ulioanza kubadilika rangi, jueni kwamba ulaji umekwisha kuanza. Diski ngumu huzunguka kwa mota na kusomwa na kichwa kinachoelea juu yake kwa umbali usioonekana kwa macho, na mwenye busara huanza kuitilia shaka baada ya miaka mitatu hadi mitano ya kazi. Flashi, ambayo watu wengi wa maofisini huiamini kwa kuwa ni ndogo na haina kitu kinachozunguka, huhifadhi habari kwa chaji ya umeme iliyonaswa ndani, na chaji hiyo huvuja polepole inapokaa muda mrefu bila kuchomekwa; hivyo yafaa kwa kubebea, haifai kwa kuwekea akiba.

Chombo kinachotumiwa na hifadhi kubwa za dunia ni utepe wa sumaku, hasa ule wa LTO ulioanza kuuzwa mwaka 2000, ambao watengenezaji huukadiria kudumu hadi miaka 30. Hata huo una sharti zake: hutaka ghala lenye joto la nyuzi 16 hadi 25 na unyevu wa asilimia 20 hadi 50, na tena mashine zake husoma vizazi vichache tu vya nyuma, kiasi kwamba mashine ya kizazi cha nane husoma utepe wa kizazi cha saba wala haiendi nyuma zaidi. Mwenye utepe mzima lakini asiye na mashine hana tofauti na aliyepotelewa.

Hapa ndipo hali ya Bukoba inapohitaji kufikiriwa kwa makini. Joto si adui mkubwa wa mji huu, kwa kuwa uko juu ya mita 1,100 kutoka usawa wa bahari. Adui ni unyevu, maana mvua hufika takriban milimita 2,000 kwa mwaka na ziwa liko mlangoni, hata ukungu huota juu ya karatasi na sidii zilizofungiwa kabatini. Umeme ukikatika na kurudi kwa kishindo, na radi ikipiga, diski iliyoachwa imechomekwa huwa hatarini. Tena tetemeko la tarehe 10 Septemba 2016, lenye ukubwa wa 5.9, lilibomoa nyumba nyingi na kuua watu. Ofisi yenye nakala tatu katika jengo moja siku ile ilikuwa, kwa hakika, na nakala moja tu.

Basi jibu la swali la chombo gani ni imara ni kwamba hakipo kimoja, na uimara tunaoutafuta umo katika utaratibu. Mgomba huzaa mkungu mmoja ukafa, lakini kibanja cha Mhaya huishi vizazi na vizazi kwa sababu mwenyewe huyaangalia machipukizi kabla mama hajaanguka. Takwimu za Kagera ziko katika hali hiyo: zimekaa mikononi mwa wengi, katika nchi zaidi ya moja, zimefuatana na madodoso na mwongozo wake, na juu ya yote zimetumiwa, maana kila marejeo yaliwalazimu watu kuzifungua, kuzikagua na kuziandika upya katika vyombo vya zama zao. Faili isiyofunguliwa miaka 20 huharibika bila mtu kujua, ilhali inayofunguliwa kila mara hupiga kelele mapema.

Hospitali ya wilaya, parokia yenye vitabu vya ubatizo, au chama cha msingi cha kahawa hapa Bukoba na Muleba chaweza kuufuata utaratibu huo bila ya mtaji wa Benki ya Dunia. Na kuwe na nakala tatu: moja katika kompyuta ya kazi, ya pili katika diski ngumu inayochomolewa na kuwekwa ndani ya kopo lisilopitisha hewa pamoja na vifuko vya kunyonya unyevu, na ya tatu nje ya mji, tuseme Mwanza au Dodoma, nayo ifungwe kwa nywila endapo ina majina ya watu. Faili ziandikwe kwa maandishi ya kawaida yanayosomwa na programu yoyote, na maelezo ya safu zake yachapwe pia kwenye karatasi isiyo na asidi. Kila faili ipigiwe hesabu ya uhakiki, kama ile ya SHA-256 inayotoa herufi na tarakimu 64. Umri wa mtoto ukigeuka kutoka 7 kuwa 1, hesabu hiyo hugeuka kabisa, na mkaguzi hujua papo hapo kwamba nakala imeharibika, akairudisha kutoka kwa ile nzima. Ukaguzi huo ufanywe kila mwaka, na diski zibadilishwe kila baada ya miaka mitano hata kama bado zafanya kazi.

Lililo gumu katika haya yote si ununuzi, kwani diski mbili hazimfilisi mtu. Gumu ni kumtaja kwa cheo mtu atakayeulizwa, kuliandika jukumu hilo katika kazi zake, na kulitengea fungu katika bajeti ya kila mwaka, ili mtunzaji wa leo akihamishwa au kustaafu, mrithi wake aikute kazi ikimngoja pamoja na fedha yake. Taasisi itakayofanya hivyo mwaka huu itakuwa na la kuwaonyesha watakaokuja kuuliza mwaka 2045. Na ile itakayonunua chombo cha bei kubwa, ikakifungia na kukisahau, itakuwa imenunua kabati tu.