Ringi za Nguzo

Fundi nondo anayeijua kazi yake humtambui kwa kasi. Mtazame mkono wake unapomalizia ringi, kile kinondo chembamba kinachokunjwa pembe nne ili kuzifunga nondo nene zilizosimama ndani ya nguzo. Asiyejali huzikunja ncha zake pembe mraba, akaziacha zimelala ubavuni mwa nguzo. Huyu ninayemsifu huongeza nyuzi 45, hadi ncha zote mbili zielekee ndani, kwenye kiini. Kanuni za Marekani hutaka zizame humo angalau milimita 75.

Sababu yake inastahili kuelezwa polepole. Zege hustahimili sana kubanwa, lakini likivutwa hupasuka upesi. Ndiyo maana tunalitia chuma. Ardhi ikitetemeka, nguzo hupindwa huku na huku, upande mmoja ukivutwa na wa pili ukibanwa. Ganda la nje linalofunika chuma hubanduka mapema. Ikiwa ncha za ringi zilishikwa na ganda hilo tu, ringi hufunguka, nondo ndefu hubetuka nje, na zege la ndani humwagika kama mahindi ya gunia lililofumuka. Ncha zilizozama ndani hazifunguki. Nguzo huumia, pengine huinama, ila mzigo haiutupi.

Tarehe 9 Februari 1971 tetemeko la San Fernando, California, liliikuta hospitali ya Olive View ikiwa mpya kabisa. Nguzo zake nyingi zilikuwa zimeviringishiwa nondo moja mfululizo toka chini hadi juu. Chache za kwenye kona zilikuwa na ringi za kawaida. Za kona zilisagika. Zile zilizoviringishiwa zilipoteza ganda, jengo likahama upande, na baadaye ikabidi libomolewe. Lakini viini vilishika, orofa za juu zikabaki juu yake. Sijui ushahidi mzito kuliko huo, maana jengo ni lilelile na mtikisiko ni uleule.

Huko New Zealand, Robert Park na Thomas Paulay wa Chuo Kikuu cha Canterbury walilifikisha mbali zaidi wazo hili la jengo kuumia bila kuanguka: mhandisi achague mapema mahali jengo litakapoumia. Boriti zichoke kwanza, nguzo zibaki imara, kwani nguzo ikivunjika huondoka na kila kilicho juu yake.

Hesabu hiyo yote hukabidhiwa vidole vya fundi. Penye kiungo cha boriti na nguzo, ringi husongamana, pengine kila milimita 100, na nondo za pande zote hupishana hapo hata koleo halina pa kupita. Hapo ndipo wavivu huruka ringi. Fundi mzuri hazirundiki ncha kona moja: ringi hii ncha zake kona hii, inayofuata kona nyingine. Tena huacha upenyo, kokoto zipite na zege lishindiliwe mpaka chini.

Hapa Tanzania, mkoa wa Kagera ulitikiswa tarehe 10 Septemba 2016 na tetemeko la kipimo cha 5.9, na nyumba nyingi zilizoanguka zilikuwa za kuta zisizo na chuma. Anayepandisha ghorofa sasa Bukoba, makao makuu ya mkoa huo, afike kabla mbao za nguzo hazijapigwa, akiwa na futi mkononi, apime nafasi za ringi pale kwenye kiungo, kisha apenyeze kidole aguse ncha zimeelekea wapi.